Hamisha Kama Ilivyo

Mjini Singida watu walimwita Sekretari. Wafanyabiashara wakubwa walimwita hivyo, wauza kuku wa stendi hivyo hivyo, na hata mwenye nyumba aliyempangisha chumba cha ofisi hakuwa na jina jingine la kumwitia. Mimi nilikuwa namwita Mama nikiwa mbele yake na Sekretari nikiwa mbali, na sasa ninapomwandika sioni sababu ya kubadili. Kwao wapi na baba yake nani, sitayaingia hayo. Yeye mwenyewe akiulizwa ukoo alikuwa anajibu, "Sema shida yako tuichape. Ukoo wangu hautakusaidia."

Niseme mapema kwamba nilimkosea. Nilimdanganya mara tatu ndani ya wiki mbili, uongo mdogo mdogo wa fundi anayetaka kuwahi kwake, na kwa uongo huo kikapotea kitu ambacho hakikuwa changu wala chake. Nitakisema ni kitu gani. Lakini nataka kwanza mumwone alivyokuwa, maana nikianza na kosa nitajikuta najitetea, na kujitetea nimeshakufanya miaka mingi bila faida.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stendi, mlango wa bluu, na ubao ulioandikwa BARUA ZA AINA ZOTE. Aliufungua saa moja na nusu asubuhi na kuufunga saa tisa na nusu alasiri, kama ofisi ya serikali, ingawa bosi alikuwa yeye na karani alikuwa yeye. Upepo wa Singida mnaujua, unabeba vumbi tangu Juni mpaka mvua zirudi, kwa hiyo kila mteja alivua viatu mlangoni. Nimeona wazee wenye mali wamesimama pale na soksi zilizotoboka, wapole kabisa. Ukivua viatu, unasalimia. Usiposema shikamoo alikaa anakutazama, mikono mapajani, na kompyuta haikuwashwa mpaka ukumbuke kusalimia.

Kila mwaka alichukua likizo ya siku ishirini na nane. Alijiandikia barua ya kuomba, akaipokea, akaigonga muhuri, kisha akajijibu. Mwaka mmoja alijikatalia. Nilimkuta kazini siku aliyosema angekuwa safarini Mgori, nikamuuliza kulikoni, akanionyesha jibu: "Ombi lako limesogezwa mbele kutokana na wingi wa kazi." Alikuwa amekasirika kweli. Alinung'unika wiki nzima kuhusu ofisi isiyojali wafanyakazi wake, na nikicheka ananiambia hakuna cha kuchekesha.

Kabla ya hapo alikuwa mchapaji serikalini kwa zaidi ya miaka ishirini. Ikaja miaka ile ya soko huria, maduka yanajaa redio na mitumba na watu wanajaa barua za kupunguzwa kazi. Yake alipewa kama wengine. "Na barua yenyewe niliichapa mimi," alikuwa akisimulia. "Bosi alinisomea majina kumi na saba, nikachapa kumi na saba. Langu lilikuwa la tisa. Tena lilikosewa herufi, nikaliacha hivyo hivyo. Mimi nachapa kama ilivyosemwa."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Chini ya kila kazi aliyoandikishwa kwa mdomo aliweka mstari mmoja: Imechapwa kama ilivyosemwa. Hakuongeza heshima mahali pasipo na heshima, wala hakupunguza tusi. Kuna mfanyabiashara mmoja aliyegombana na kaka yake kwa ajili ya ghala, akaja akiwa amefura, akaandikisha barua. Ndani yake kulikuwa na neno "mjinga" mara saba. Sekretari alichapa yote saba, akaitoa kwenye printa, akamsomea kwa sauti ile yake isiyopanda wala kushuka, sauti ya kusoma kumbukumbu za kikao. Alipofika mjinga wa tano yule bwana akasema, "Basi, Mama. Ichane."

"Siwezi kuichana. Ni ya kwako, ichane mwenyewe."

Akaichana, akavaa viatu vyake, akaenda zake. Jioni nikawaona yeye na kaka yake wamekaa benchi moja wanakula mishikaki. Sekretari nilipomwambia alijibu kwamba hayo hayamhusu.

Aliandika kwanza kwa hatimkato, yale maandishi ya vikonyo na vinukta waliyofundishwa masekretari wa zamani ili kalamu iwahi mdomo. Mtu anazungumza, yeye anachora mikia ya panya kwenye daftari. Mwisho wa maneno ya kila mtu aliuliza maswali mawili, yale yale, kwa mzee na kwa kijana: "Apewe nani? Apewe lini?" Akishajibiwa anapiga mstari. Halafu anachapa, anahakiki na mwenyewe, na Ijumaa kabla ya kufunga anachana kurasa zote za wiki na kuzichoma kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia, nje ya mlango wa nyuma. Hivyo ndivyo walivyofundishwa: kilichochapwa na kuhakikiwa ndicho kilichosemwa, daftari libaki tupu, siri ya mtu isizagae. Mimi niliona ni ushamba. Nilikuwa nimetoka Dar es Salaam na cheti cha miezi sita na mashati mawili ya mikono mirefu, na mengi niliyaona ni ushamba.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi kompyuta, na kwa muda fulani niliweza kusema ndiye fundi kompyuta bila kuongeza "mmoja wa". Kompyuta yake aliileta kwa basi kutoka Dar, mtumba, kioo amekipakata magotini na ile sipiyu, sanduku lenyewe, imefungwa khanga chini ya kiti. Alipofika aliipa plasta. Kila kitu chake alikibandika kipande cha plasta ya hospitali na kukichora alama yake ya hatimkato: kiti, mkasi, chupa ya chai, kipanya. Alinifanya nifungue sanduku ili abandike na vya ndani. "Vitu vya ofisi huwa vinatembea," alisema.

Programu ya kuchapia ilikuwa ya Kiingereza, nayo haikujua Kiswahili. Kila neno lake ililipigia mstari mwekundu chini. Wengine tuliizima hiyo mistari, au tuliizoea. Yeye alikataa. Alikuwa akifika kwenye neno jekundu anabonyeza kitufe cha kulia, analiongeza kwenye kamusi ya mashine, na kusema taratibu, "Huyu namjua." Alianza na maneno ya kawaida, shamba, mkutano, ng'ombe, kisha vijiji, Mgori, Mwankoko, Kinampanda, kisha majina ya watu. Kila mteja aliyekuja alimwongeza. Wanyaturu, Wanyiramba, Waarabu wa mjini, wote. Ilimchukua zaidi ya miaka miwili. Mwishowe ukichapa barua ya Singida ukurasa mzima unabaki mweupe, hakuna mstari, na watu walikuja kuangalia majina yao yanavyopita salama. Nilimwona mzee mmoja wa Mwankoko akitabasamu kwa sababu kompyuta inamjua.

Alikuwa mtu wa ukweli, lakini si kwa kila jambo. Ofisa wa leseni akija alijifungia ndani na kusema kwa sauti nyembamba kwamba Sekretari hayupo. Alikuwa mkali juu ya siri za wateja, asingekuambia hata mtu fulani alikuja au hakuja, ila habari za majirani zake alizipenda mno, na alizihifadhi vizuri kuliko mimi ninavyohifadhi za kwangu. Alikuwa anasema hapendi watoto ofisini. Kisha nikifika namkuta Zaituni chini ya meza, anachorea karatasi zilizoharibika.

Zaituni alikuwa binti wa mama muuza maandazi aliyekuwa na banda lake pembeni ya ule mlango wa bluu. Mama huyo na Sekretari walikuwa wakigombana asubuhi kuhusu moshi na kunywa chai pamoja saa nne. Mumewe alikuwa tingo wa malori, akafa. Mwaka uliofuata yeye akaanza kukonda. Miaka ile hatukuutaja ule ugonjwa, tulisema tu mtu anaumwa, na wote tukajua.

Hakujua kuandika. Alikuja mchana wa siku tatu mfululizo, akaketi kwenye kiti cha wateja na khanga begani ingawa kulikuwa na joto, akamwambia Zaituni mambo ambayo angemwambia akikua. Sekretari alichora daftari zima. Nakumbuka siku ya tatu kwa sababu niliingia na printa mkononi na Sekretari akaninyooshea kidole nitoke. Nilipokuwa mlangoni nilisikia yale maswali mawili.

"Apewe nani?"

"Zaituni."

"Apewe lini?"

"Akimaliza darasa la saba. Nimehesabu, atakuwa na akili."

Hakutaka ichapwe kwenye karatasi. Zaituni angeenda kukaa kwa ndugu wa baba yake, na huko, alisema, hakuna sanduku lisilofunguliwa. Barua ibaki ndani ya mashine mpaka siku yenyewe. Sekretari akakubali, akamsomea yote kwenye kioo, akaihifadhi, na Ijumaa ile akachoma daftari kama kawaida yake. Hakuliacha hata hilo. Kwake kuliacha kungekuwa dharau kwa mwenye maneno.

Mahali alipoihifadhi ndipo penye habari. Serikalini walikuwa na masjala ya wazi na masjala ya siri, chumba cha ndani kabisa ambacho makarani wa kawaida hawaingii. Na kwake wateja na watoto wa wateja walishashika kile kipanya na kufungua kila kitu. Kwa hiyo alichunguza mashine yake mwenyewe, akaona kuna folda moja ambayo kila ukiifungua inakuonya usiguse, maana ndimo ulimo mfumo unaoiendesha. Akaona hapo ndipo chumba cha ndani. Akafungua humo folda yake, akaweka mambo yote ya siri: wosia, mashauri ya ndoa, barua ya Zaituni. Hakumwambia mtu. Hayo mengine karibu yote yalikuwa na nakala za karatasi zenye sahihi. Barua ya Zaituni haikuwa nayo.

Mama yake Zaituni alifariki msimu wa kuvuna alizeti. Sekretari alifunga ofisi siku tatu, na katika miaka yote niliyomjua hiyo ndiyo mara pekee alipofunga bila kujiandikia barua.

Sasa kosa langu.

Diski ya ile kompyuta ilianza kugonga. Kwa tuliozijua, kugonga kwa namna hiyo ni onyo: una wiki, labda mwezi. Sekretari akaagiza diski mpya kwa mtu wa basi, ikafika Alhamisi, na Ijumaa asubuhi akaniita.

"Fundi, nataka nikiiwasha nisijue kama umebadilisha kitu. Hamisha kama ilivyo. Mfumo wake, mafaili yake, kila kitu na mahali pake. Unaweza?"

"Hiyo ndogo, Mama."

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ile aliyoiomba: unaziweka diski zote mbili ndani, unawasha kwa flopi, programu inachukua ya zamani punje kwa punje mpaka imehamia yote kwenye mpya. Ni kazi ya saa nyingi diski ikiwa mgonjwa, na huwezi kuondoka, maana ikikwama lazima uwepo. Ya pili ni kupiga windo upya: unaweka mfumo mpya mtupu, programu ya kuchapia mpya, kisha unakopi yale mafaili unayoyaona. Saa mbili umemaliza. Mteja akiwasha anaona dirisha lile lile na picha ile ile ya maua, hajui tofauti.

Nilianza na ya kwanza. Naapa nilianza nayo. Lakini siku ile kulikuwa na harusi Kinampanda, na Landrova ya marafiki zangu ilikuwa inaondoka saa nane, na harusini angekuwepo msichana mmoja ambaye hata sikuja kumwoa. Ilipofika saa sita mashine ilikuwa haijafika hata nusu, inagonga, inasimama, inagonga. Sekretari alikuwa ameenda msikitini kwenye hitma ya jirani. Nikaikatiza. Nikapiga windo upya, nikakopi folda ya nyaraka zake na vilivyokuwa mezani pa kioo. Aliporudi nilikuwa nafunga skrubu.

"Imehama yote?"

"Yote, Mama."

"Kama ilivyo?"

"Kama ilivyo."

"Na ile ya zamani?"

Nikamwambia imekufa. Nilisema hivyo kwa sababu nilishaitia mfukoni. Diski ya kwangu ilikuwa ndogo, na ile ya kwake, kwa kazi zisizo za maana, ingeweza kusogea miezi kadhaa. Fundi gani asiyechukua cha zamani? Hivyo ndivyo nilivyojiambia ndani ya Landrova, na nilikuwa nacheka na wenzangu. Jumapili nilirudi, nikaifuta, nikaiwekea mfumo mpya, nyimbo, na mchezo wa karata.

Jumatatu aliniita. Alikuwa amefungua barua ya zamani na ukurasa mzima ulikuwa mwekundu. Shamba, mkutano, ng'ombe, Mgori, watu wote wa miaka miwili.

"Fundi, mbona imesahau watu?"

Nilijua mara moja. Ile kamusi ilikaa ndani ya programu, nami niliweka programu mpya. Ningeweza kusema hapo. Diski ilikuwa kibandani kwangu pa kazi, imefutwa siku moja tu, na mtu wa Dar mwenye vifaa labda angeokoa chochote. Nilisema, "Ni mpya, Mama. Itazoea."

Alinitazama, kisha akageukia kioo, akabonyeza kitufe cha kulia. "Huyu namjua," akasema, na kuanza upya na neno la kwanza.

Ilipita wiki ndipo alipoitafuta masjala ya siri. Alinieleza alikuwa ameiweka wapi, ndani ya ile folda ya mfumo ambayo sikuikopi. Nikamwambia diski ya zamani ilikufa na vitu vingine vilikufa navyo, mambo ya kitaalamu. Akaizima kompyuta. Halafu akasema, "Kosa langu. Nilificha mno." Alilisema hilo kwa kila aliyekuja kuulizia faili lake miaka ile, mbele yangu: kosa langu, nilificha mno. Mimi nilikuwa nimesimama pale na bisibisi mkononi. Nimewahi kuugua, nimewahi kufiwa, lakini sijawahi kusikia maneno yaliyonichoma kuliko hayo manne.

Zaituni alikuja baada ya miaka miwili. Nilikuwepo, nimeinama kwenye printa, ndiyo kwanza nimeweka wino mpya. Aliingia na sketi ya shule iliyokuwa imemfupia, akavua ndala mlangoni bila kuambiwa, akatusalimia shikamoo wote wawili. Akasema amemaliza mtihani. Akasema, "Mama alisema nije."

Sekretari alimtazama, akaitazama printa, hakunitazama mimi. "Wino umeisha, mwanangu," akasema. "Njoo keshokutwa."

Keshokutwa Zaituni alipewa barua yake, kurasa tatu, ndani ya bahasha iliyogongwa muhuri wa SIRI. Aliisomea barabarani, mbele ya mahali palipokuwa na banda la maandazi, amesimama. Niliona mabega yake kutoka dirisha la ofisi. Sekretari alikuwa anachapa barua ya mtu mwingine na hakusimamisha vidole. Sikumuuliza aliitoa wapi, kwa sababu nilijua. Mwezi uliofuata nikapata kazi Dodoma, nikasema Mungu amenifungulia. Ukweli nilikuwa nakimbia ule mlango wa bluu.

Nilikaa Dodoma miaka mingi. Nikija Singida kwa misiba napita barabara ya upande wa pili. Mwaka jana nilikuja kumzika shangazi, na pale msibani mtu akaniambia, "Sekretari anatafuta fundi. Anasema hataki hawa vijana, anakutaka wewe."

Nilimkuta kwake Mwankoko, uani, anapepeta alizeti. Amekuwa mdogo wa mwili, macho yana ukungu. Nilisema shikamoo, akaitika, kisha akaniambia viatu. Tulikuwa nje kabisa, kwenye udongo, nami nikavivua.

Zaituni sasa ni mwalimu Manyoni. Alikuwa amemletea laptopu ili Sekretari aache ile mashine ya zamani, ambayo bado ilikuwa inawaka chini ya kitambaa chake cha kudarizi. "Naitaka yote iingie humu," akasema akigusa laptopu. Hakuongeza neno. Mimi ndiye niliyeongeza: "Kama ilivyo."

Siku hizi inawezekana vizuri. Unaichukua diski nzima ya zamani, mfumo wake na kila kitu mahali pake, unaiweka ndani ya mashine mpya, nayo inawaka humo humo kama ilivyokuwa. Ilianza saa tatu asubuhi, ikamaliza alasiri. Sikuondoka kitini. Aliniletea uji, nikanywea pale pale nikitazama ule mstari unaosogea. Ilipowaka, maua yale yale yakatokea kwenye kioo, na ukurasa aliofungua ulikuwa mweupe wote. Alikuwa amewafundisha watu wote upya.

Akafungua barua ya Zaituni, akanisogezea. "Angalia mwisho."

Niliangalia. Hapakuwa na ule mstari wa chini, Imechapwa kama ilivyosemwa.

"Mistari minne ya kwanza ni ya mama yake," akasema. "Nilikuwa naikumbuka. Iliyobaki niliitunga mimi. Siku mbili, Fundi. Mimi niliyekuwa sibadilishi hata jina langu likikosewa."

"Zaituni anajua?"

"Ameiweka kwenye fremu, ukutani kwake."

Kuku walikuwa wanaparura kwenye makapi ya alizeti. Nikasema. Nilisema kwamba diski ile haikuwa imekufa, kwamba sikuhamisha kama ilivyo siku ile, kwamba nilikuwa na haraka ya harusi. Hakushtuka.

"Najua," akasema. "Nilikuja kibandani kwako baada ya mwezi, kuulizia wino. Kompyuta yako haikuwa na mfuniko, nyie mafundi za kwenu ziko uchi siku zote. Nikaona plasta yangu. Ulikuwa unacheza karata."

Niliikumbuka siku hiyo. Alisimama mlangoni, nikamwambia karibu Mama, akasema hapana, amesahau alichofuata.

"Kwa nini hukusema?"

"Mimi nachapa kinachosemwa. Wewe hukusema."

Akanyanyuka taratibu, akaingia ndani, akarudi na daftari na kalamu ya risasi. Akaketi, akaweka daftari gotini. "Leo umesema. Anza mwanzo, usikimbie."

Nikaandikisha. Alichora mikia yake ya panya, polepole kuliko zamani lakini bila kukosa. Nilipomaliza alinisomea yote kwa ile sauti ya kumbukumbu za kikao. Alipofika mahali fulani nikamwomba aandike "nilikosea".

"Umesema 'nilidanganya'."

"Basi iache."

Akaiacha. Akageuza ukurasa, akanitazama na yale macho yenye ukungu, sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo.

"Apewe nani?"

"Zaituni," nikasema.

"Apewe lini?"

Nikafungua mdomo niseme leo. Nikaiona akilini ile fremu ukutani Manyoni, kurasa tatu, mistari minne ya mama yake na iliyobaki. Nikaufunga. Sekretari hakunihimiza. Aliweka ncha ya kalamu mahali pa jibu na kuningojea, kama alivyowangojea wengine wote, na jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya mashamba ya alizeti nami bado sijamjibu.